Maiti Hapangi Foleni

Sogeeni, sogeeni. Wewe Tatu, kunja mguu, wenzako hawana pa kukaa. Paukwa na pakawa mmemwitikia bibi yenu mpaka zimechakaa. Kwangu mimi mnaitikia hivi: nikisema "Njiani!" nyinyi semeni "Tupo!" Nikisema "Nyumbani!" semeni "Tutafika!" Haya.

Njiani!

Tupo!

Nyumbani!

Tutafika!

Lini?

Mmenyamaza. Vizuri, endeleeni kunyamaza hivyohivyo, mimi nianze.

Hapo kale wanyama wote walikaa mji mmoja, ukiitwa Kati. Tembo alikaa Kati, Nyati alikaa Kati, na wadogo nao walikaa Kati: Panya, Sungura, Kobe, Nguchiro, wote walichimba vishimo vyao pembeni mwa wakubwa. Asubuhi unatoka shimoni, unajinyoosha, uko kazini. Jioni mtoto wako akilia unamsikia. Basi wakubwa wakanenepa, na mkubwa akinenepa anataka nafasi. Tembo akasema, hapa kwa Panya nitaweka ghala. Nyati akasema, hapa kwa Kobe nataka pa kugaagaa. Wadogo wakaambiwa, "Nyinyi nendeni mkakae kule."

"Kule wapi?"

"Kulekule, ng'ambo ya mto."

Wakaenda. Na mahali penyewe pakaitwa Kulekule.

Mnadhani walipohamishwa, na kazi nayo ilihamishwa? Thubutu! Kazi ilibaki Kati. Mawe ya Tembo nani ayabebe? Tope la Nyati nani alizoe? Basi kila alfajiri, watoto wamelala, Kulekule nzima inatoka. Tapa tapa tapa, Panya huyo. Chaka chaka chaka, Sungura huyo. Kokoto, kokoto, kokoto, Mzee Kobe huyo, katangulia kutoka na atakuwa wa mwisho kufika. Wanakwenda Kati. Jioni tapa tapa tapa, chaka chaka chaka, kokoto kokoto, wanarudi Kulekule. Kesho hivyo. Keshokutwa hivyo. Waliota sugu za miguu hao, mpaka wakikaa chini miguu inaendelea kutembea yenyewe.

Sasa, katikati ya njia kuna mto, na mto una kivuko kimoja tu, mawe yaliyopangana. Juu ya mawe hayo analala Kiboko. Asubuhi Kiboko hana maneno. Anajisogeza, wanapita, kwa sababu Tembo alishamwambia wafanyakazi wake wasicheleweshwe. Lakini jioni! Jioni Kiboko anajilaza katikati mzimamzima, mkia huku, domo huku. Kwa nini jioni? Kwa sababu jioni wana vikapu. Kila mmoja amepata chochote huko Kati, kiazi, kipande cha boga, hindi lililodondoka, anawapelekea wanawe.

"Onjesha," anasema Kiboko.

"Naonjesha, Bwana mkubwa."

Anafungua domo. Ngwamu, ngwamu, ngwamu. Anafumba macho, anatafuta ladha. Anacheua, bweee! Halafu ananyamaza mpaka udhani kasinzia.

"Pita. Mwingine. Onjesha."

"Naonjesha, Bwana mkubwa."

Ngwamu, ngwamu, ngwamu. Bweee! Kimya.

"Pita. Mwingine."

Foleni ikaanzia mtoni ikapanda kilima ikapotelea nyuma ya kilima. Jua linazama wao wapo kwenye foleni. Mbu wanatoka wao wapo kwenye foleni. Nini, Makame? Kwa nini wasipite kwingine? Kwingine wapi, baba? Upande wa juu kuna maporomoko. Upande wa chini kuna mamba, na mamba haonji, anameza.

Katika foleni hiyo alikuwamo Bi Nguchiro. Kadogo, kembamba, macho yanacheza huku na huku, ulimi haupumziki. Alikuwa na mtoto mmoja tu, jina lake Sikudhani. Alfajiri anamwacha amelala kwa jirani yake, Bi Kware. Usiku anamchukua amelala kwa Bi Kware. Mtoto huyo mama yake alimjua kisogo tu. Alijua kisogo kimeota manyoya, kisogo kimepata upele, upele umepona. Macho ya mwanawe yana rangi gani, ungemuuliza asingekwambia.

Siku moja karudi, kamwinua ampeleke nyumbani, mtoto akaamka. Akafumbua macho, akamwona.

"Uwii! Mama! Mama wee! Mwizi!"

Bi Kware mbio, na ufagio mkononi. Kuona ni nani, akauweka ufagio chini. "Nyamaza, Siku. Huyu si mwizi. Huyu ndiye mama yako."

Mtoto akamtazama Bi Nguchiro juu, akamtazama chini. Akamwambia Bi Kware, "Mama ni wewe. Huyu ni yule anayekujaga kulala."

Bi Nguchiro akacheka, ili jirani asione haya. Wakacheka wote wawili. Halafu akatoka nje, akaenda nyuma ya kichuguu, akaingiza mdomo mchangani, akalia humo mchangani asisikike. Ilimuuma, jamani. Msinitazame hivyo, ilimuuma. Akajiapiza palepale: mwanangu ataniona jua likiwa linawaka, hata ikibidi nini.

Kesho yake jioni, yuko kwenye foleni, mbele yake migongo, nyuma yake migongo. Mara akasikia kilio kinakuja. Swala mmoja alikuwa kafia Kati, na ndugu zake wanampeleka Kulekule kumzika. Wanapokezana jeneza, huyu anaingiza bega, yule anatoa bega. "Maiti! Maiti jamani, pisheni!" Foleni nzima ikakaa pembeni. Na Kiboko je? Kiboko aliinuka! Chubwi, akaingia majini, akainamisha kichwa. "Poleni wafiwa," akasema, na jeneza lilipomfikia akalitilia bega hatua kadhaa, kama desturi. Hakuonja kitu. Jeneza likapita, na waliolisindikiza wakapita nalo, vikapu vyao vimejaa.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya wanyama wote, wa Kati na wa Kulekule: maiti hapangi foleni. Waliamini ukizuia jeneza njiani, siku yako ikifika hapatapatikana bega la kukubeba. Na Kiboko kwa unene ule, hilo ndilo jambo pekee lililokuwa likimkosesha usingizi.

Bi Nguchiro akatazama jeneza likipotelea ng'ambo. Akatazama jua, bado liko juu ya miti. Akatoka kwenye foleni, akarudi nyuma, nyuma, nyuma kabisa, mpaka kwa Mzee Kobe.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, mwanangu. Foleni inakwenda?"

"Haiendi. Mzee, umechoka?"

"Nimechoka mpaka nikikueleza na wewe utachoka."

"Ungependa kubebwa?"

"Nani asiyependa?"

"Basi ufe."

Mzee Kobe akatafakari. Kwa Kobe hilo linachukua muda. "Kufa kwenyewe kukoje?"

"Unaingiza kichwa, unaingiza miguu, unanyamaza."

"Ah, hilo tu? Hilo nimelifanya tangu utoto."

Kesho yake wakakata fito, wakafunga jeneza. Kobe akalala ndani, akaingiza kichwa, akaingiza miguu. Vikapu vyote wakavipanga ubavuni mwake, wakafunika shuka. Hao, wanashuka mtoni.

"Uwii! Uwii! Kobe wetu! Katuacha Kobe wetu!"

Kiboko akafumbua jicho moja. "Nani kafa leo?"

"Leo Kobe, Bwana mkubwa."

"Kafa na nini?"

"Njia, Bwana mkubwa. Njia imemmaliza."

"Poleni wafiwa." Chubwi! Akaingia majini, akatilia bega. Wakapita.

Walipovuka na kupandisha, wakatua jeneza, wakaanguka chini kwa kucheka. Panya alicheka mpaka akajikojolea. "Kobe, fufuka!" wakasema.

"Fufukeni nyinyi," Kobe akajibu kutoka ndani. "Mimi nibebeni mpaka nyumbani."

Walifika jua linawaka. Bi Nguchiro hakutua hata kikapu, mbio mpaka kwa Bi Kware. Sikudhani alikuwa mlangoni anacheza na vifuu. Kumbe macho yake ni ya kahawia, yana vidoa vya njano.

"Shikamoo," mtoto akamwamkia, kama anavyoamkiwa mgeni.

"Marahaba, mwanangu."

"Unamtaka mama? Yuko ndani."

Bi Nguchiro akasema hapana, nimekuja kucheza na vifuu. Wakacheza. Kesho yake wakacheza. Siku nyingine mtoto akamgusa pua, akamwambia una kovu hapa, mama akamjibu ndiyo, nilikuwa nalo ulipozaliwa. Mtoto akaenda akakaa na jambo hilo peke yake. Halafu jioni moja alipomwona anakuja akatupa vifuu, akakimbia, akasema, "Mama." Hakusema zaidi ya hapo, na Bi Nguchiro alisema hajawahi kushiba kama siku hiyo, na siku hiyo walikuwa wamekosa chakula.

Basi ikawa kila jioni maiti. Leo Panya, kesho Sungura, keshokutwa Kobe tena, maana Kobe alikuwa na kipaji.

"Nani kafa leo?"

"Leo Panya, Bwana mkubwa."

"Kafa na nini?"

"Njia, Bwana mkubwa. Njia imemmaliza."

"Poleni wafiwa." Chubwi!

"Nani kafa leo?"

"Leo Panya."

"Panya si mlimpitisha juzi?"

"Yule alikuwa pacha wake."

"Na huyo Sungura anayelia hapo, si alikufa jana?"

"Alikufa, Bwana mkubwa. Ila alikuta kumejaa, wakamwambia arudi siku nyingine."

"Ahaa," akasema Kiboko. Chubwi! Lakini alianza kukonda, na njaa inamfanya hata mjinga ahesabu. Jioni hizo hakuna aliyepita na kikapu isipokuwa maiti, na maiti haonjeshi. Na kila akitilia bega, pua yake iko karibu na shuka.

Siku moja bega liko chini ya jeneza, akasimama. Akavuta pumzi, fwii, fwii.

"Maiti wenu ananukia kiazi."

Ndani ya jeneza Sungura akasahau kupumua.

"Alikipenda sana kiazi," akasema Bi Nguchiro, "ndiyo maana tunaumia."

Kiboko akasogeza domo lake, kubwa kuliko mlango, mpaka usoni pa Bi Nguchiro. "Leo piteni. Lakini jeneza lijalo, nikisikia linanukia, nalifunua. Nikimkuta anapumua namkanyaga humohumo. Halafu navuka kwenda huko Kulekule nakanyaga vishimo vyenu, kimoja kimoja, na vilivyomo."

Hakuwa anatania. Wakaijua sauti.

Basi wakarudi kwenye foleni. Onjesha. Naonjesha, Bwana mkubwa. Ngwamu, ngwamu, ngwamu. Kiboko akajilipa njaa yake, vikapu vikawa vinafika nyumbani makombo. Sikudhani mwanzoni alikaa mlangoni akingoja mpaka analala palepale kizingitini, Bi Kware anambeba ndani. "Mama yuko wapi?" "Yuko njiani." Kesho, "Mama yuko wapi?" "Yuko njiani." Halafu akaacha kukaa mlangoni. Halafu akaacha kuuliza. Bi Kware alipomweleza Bi Nguchiro kuwa mtoto siku hizi haulizi, Bi Nguchiro alikwenda akakaa kizingitini, pale mtoto alipokuwa akimngoja. Kupigiwa yowe la mwizi kulikuwa nafuu.

Na Mzee Kobe, aliyekuwa ameshazoea kubebwa, akarudi kutembea kwa miguu yake. Kokoto... kokoto... Alikuwa akifika Kulekule wenzake wameshalala, anageuka palepale anaanza safari ya Kati. Alikuwa hana tena nyumba, bwana, ana njia tu.

Siku moja, kweupe, mchana, kwenye mteremko wa Tembo, Kobe alikuwa na jiwe mgongoni. Akasimama. Wenzake wakapita wakidhani anapumzika. Wakashuka wakamkuta palepale. Wakapanda wakamkuta palepale. Bi Nguchiro akamgongea gamba, ko ko ko.

"Hodi, Mzee Kobe."

Kimya.

"Hodi, mzee wangu."

Kimya. Akamshika mguu, umekakamaa. Nyapara wa Tembo akapiga kelele kutoka juu, "Huyo mtoeni hapo, anaziba njia."

Wakamtoa. Wakamweka pembeni, wakamzunguka. Sungura ndiye aliyelia kwanza. Sungura wazazi wake walikuwa wamekufa akiwa mchanga, na Kobe ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha kula kwa kutafuna. Akalia kwa sauti, na Panya akalia, na Bi Nguchiro akalia. Halafu Bi Nguchiro akafuta macho yake. Akawatazama wenzake mmoja mmoja.

"Nyamazeni kwanza," akasema. "Anayemfunua maiti wa watu njiani, desturi inasemaje?"

"Msiba unakuwa wake," wakasema, kila mmoja alilijua hilo tangu ananyonya. "Yeye ndiye mfiwa."

"Na mfiwa anafanya nini?"

"Analisha waombolezaji. Anakaa mkekani."

"Anainuka lini?"

"Hainuki mpaka wa kumpa pole waishe."

"Haya. Basi leo Kiboko lazima afunue." Akachukua boga, akaliweka kwenye makaa ya jikoni kwa Tembo mpaka likanukia mtaa mzima, akalipasua, akalipanga jenezani kumzunguka Mzee Kobe. Akamfunika shuka. "Sasa nisikilizeni. Leo msilie vizuri. Mkilia vizuri hatafunua. Lieni ovyo. Lieni kama mnavyoliaga siku zote. Sungura, wewe utacheka."

"Nicheke?" akasema Sungura. "Dada, huyu ni baba yangu."

"Najua."

"Siwezi."

"Sungura, mimi nina mtoto anayesahau. Cheka."

Wala msiniulize kama alifanya vyema. Mimi nasimulia tu.

Hao, wanashuka mtoni. "Uwii, uwii, Kobe wetu," wanalia kwa puani, kama wanaoimba wimbo walioimba sana. Boga linanukia mpaka ng'ambo ya mto. Kiboko akafumbua macho yote mawili.

"Nani kafa leo?"

"Leo Kobe, Bwana mkubwa."

"Kobe tena!"

"Tena, Bwana mkubwa."

"Kafa na nini?"

"Njia imemmaliza."

"Hi hi hi," akafanya Sungura. Machozi yanamtiririka mpaka kwenye masharubu, na meno yako nje. "Hi hi hi."

Kiboko akamwona. Domo likapanuka kwa furaha. "Leteni hapa." Wakaleta. Akang'ata pembe ya shuka, akavuta, fyaa! Hakumtazama hata maiti, alivitazama vipande vya boga. Ngwamu, ngwamu, ngwamu, akavifagia vyote. Bweee! Ndipo akasema, "Kobe, toka nikukanyage."

Kimya.

"Kobe, nimesema toka!" Akaligonga gamba kwa pua. Akalitikisa. Kichwa cha Mzee Kobe kikateleza nje, kikaning'inia. Jicho lilikuwa wazi na nzi yumo ndani yake.

Kiboko akarudi nyuma hatua moja, kipande cha boga kimemning'inia mdomoni.

"Umemfunua," akasema Bi Nguchiro, polepole.

"Mimi nilidhani..."

"Umemfunua, Bwana mkubwa, na sote tumeona. Pole kwa msiba."

Akageuka kwa wenzake. "Sasa lieni," akawaambia.

Jamani. Hapo ndipo walipolia. Foleni yote, kuanzia mtoni mpaka nyuma ya kilima, hata waliokuwa hawamjui Kobe walilia, walilia njia, walilia miguu yao. Sungura alijitupa kwenye mawe ya kivuko akalia mpaka akapoteza sauti. Na mmoja mmoja wakawa wanapita mbele ya Kiboko wanampa mkono. "Pole, Bwana mkubwa." "Pole kwa msiba, Bwana mkubwa." Akatae vipi? Angekataa msiba, siku yake nani angemtilia bega? Akajikokota mpaka ukingoni, mbali na maji, akatandikiwa mkeka, akakaa. Na kwa kuwa mfiwa ndiye analisha, ikabidi aseme alikoficha. Nyuma ya matete kulikuwa na lundo la kila alichoshindwa kumaliza, viazi, mahindi, mihogo. Wakala chakula chao wenyewe.

Akangoja pole ziishe ainuke. Jioni ya pili akaanza kujikusanya. Chaka chaka chaka, Sungura huyo. "Shikamoo, Bwana mkubwa. Pole." Akakaa tena. Jioni ya tatu akainua kiuno. Tapa tapa tapa, binamu wa Panya. "Shikamoo, Bwana mkubwa. Ndiyo kwanza nasikia. Pole sana." Akakaa tena. Kulekule ina watu wengi, na Bi Nguchiro alikuwa anawapangia zamu. Kila jioni wote wanavuka, mmoja anabaki nyuma. "Pole, Bwana mkubwa."

Kiboko bila maji anakuwaje? Ngozi ilikauka ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Akawa anaitika "Ahsante" kwa sauti ya chini. Halafu anaitika kwa kichwa. Siku moja asubuhi Panya akapita, akampa pole, hakuitikiwa. Nani alimzika? Azikwe na nani? Wenzenu walikuwa wanawahi kazini.

Lakini nimewahi mbele. Kuna jambo la jioni ileile ya Kobe nimelipita makusudi, kwa sababu sipendi kulisema. Nalisema.

Wakati walipokuwa wakipandisha na jeneza kutoka mtoni, wanalia kilio cha kweli, watoto wa Kulekule walikisikia kile kilio. Siku nyingi kilikuwa hakijasikika. Watoto wale, akili zao zilikuwa zimeshajifunza: kilio kikitoka mtoni, wazazi wanakuja na jua bado lipo. Basi wakatoka vishimoni mwote, wakubwa kwa wadogo, wakaja mbio njiani wanapiga makofi, wanaruka, wanashangilia. "Kafa! Kafa! Kafa mtu, mama anakuja! Kafa mtu, baba anakuja!" Wakalizunguka jeneza wanacheza. Waliobeba hawakuwa na nguvu ya kuwafukuza. Sungura alipita katikati yao amejiinamia.

Sikudhani alikuwa mbele ya wote. Akamrukia mama yake shingoni, akamkumbatia, akamwita mama, mama, mama, kama anayelipia siku zote alizonyamaza. Bi Nguchiro alimshika. Jua lilikuwa bado lipo, linammulika mtoto usoni, vile vidoa vya njano vyote vinaonekana. Mtoto akamnong'oneza sikioni, kwa furaha kabisa:

"Mama, na kesho atakufa nani?"

Bi Nguchiro, yule ambaye ulimi wake haupumziki, akamweka begani, akafuata jeneza.

Haya. Mnataka funzo. Hadithi bila funzo wazazi wenu watasema nimewapotezea muda. Funzo lake ni kwamba uongo haufai hata kidogo, foleni inafundisha subira, na wakubwa wanatuonea huruma. Tembo mwenyewe, alipopata habari kwamba kivuko ki wazi na wafanyakazi wake wanafika nyumbani mapema mno, aliwaonea huruma wasije wakachoka kwa kukaa bure, akawaongezea kazi mpaka jua lizame. Kwa hiyo tulieni, fanyeni kazi, na mwenye haraka ya kufika kwake na afe, atapishwa.

Mimi nimeitua hapa. Aliyeipenda na aibebe, iliyomchoma na aiache hapo chini, nitaiokota mwenyewe nikipita.